Chanjo ya masika huchomwa kiangazi

Hotuba hii, juu ya Homa ya Bonde la Ufa na chanjo zake, niliitoa Jumamosi hapa Dodoma mbele ya wafugaji, maafisa mifugo, wauguzi na wanafunzi wa sekondari. Wengi mlikuwa mashambani na mmeniomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoisema, kuanzia salamu ya Kigogo. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Mbukwenyi!

Mbukwenyi tena, na walio nyuma kule waitike.

Wazee wangu mlioacha mifugo mikononi mwa watoto ili mje kunisikiliza, mama zangu, ndugu zangu maafisa mifugo na wauguzi, nanyi wanafunzi mliokaa sakafuni kwa sababu viti vimekwisha, ahsanteni sana. Nimeombwa nizungumze juu ya virusi vinavyotoka kwa wanyama na kuua watu, na juu ya chanjo zake. Virusi hivyo ni vingi. Leo nitakaa sana na kimoja, kile kilichotuzika sisi wenyewe hapa Dodoma. Vingine nitavigusa nikipita.

Naanza na swali. Mwaka 2007, Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia kwetu, nani alijua kwanza?

Ni wizara? Ni hospitali? Ni sisi watu wa maabara?

Ngojeni niwasimulie. Mwaka ule nilikuwa binti mdogo kazini, mwaka wangu wa pili, na kazi yangu kubwa ilikuwa kubeba sanduku la barafu na kuandika namba kwenye vichupa vya damu. Mvua ya msimu ule wengi mnaikumbuka. Dodoma hii ya vumbi ilisimama majani mpaka magotini. Mbuga za Bahi zilijaa, barabara zikakatika, mtama ukanawiri, na watu wakashukuru Mungu. Nani asiyeshukuru mvua Ugogo?

Mwezi wa pili tukafika kijiji kimoja upande ule wa Bahi, kwa mama mmoja mwenye kondoo thelathini na kitu. Aliishi kwenye tembe ya kizamani, ile ambayo wanakondoo na ndama hulala ndani, pua kwa pua na wenye nyumba. Alitutokea mlangoni, akasimama mbali kidogo, akaficha mikono nyuma. Akasema, "Msinishike mkono, wanangu. Kondoo wangu wanatupa mimba."

Nikamwuliza, wangapi? Hakujibu. Alituingiza ndani akatuonyesha ukuta. Alikuwa amechora mistari kwa kipande cha mkaa, mstari mmoja kwa kila kondoo aliyetupa. Niliihesabu kwa kidole: kumi na saba. Chini yake kulikuwa na mistari mingine, mifupi, ya wanakondoo waliozaliwa hai wakafa kabla ya siku mbili kupita. Na pembeni kabisa, karibu na nguzo, mistari miwili ilichorwa ikiwa imelala.

"Na hii iliyolala, mama?"

"Huyo ni mume wangu. Na huyo ni mtoto wa dada yangu, aliyenisaidia kuwavuta wanakondoo waliokwama. Wote wawili homa imewalaza."

Mume alipona. Yule kijana alianza kutoka damu kwenye fizi siku ya pili baada ya sisi kuondoka, na hakufika mwisho wa wiki. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Sasa niulize tena: nani alijua kwanza? Ule ukuta ulianza kuandikwa wiki tatu kabla gari letu halijafika. Wiki tatu! Mama yule aliona kwamba kondoo wanatupa kwa mkupuo, akaona wanaougua ni wale waliogusa damu, akaacha kushikana mikono na wageni. Utafiti mzima ulikuwa ukutani kwake. Kilichokosekana ni mtu wa kuusoma.

Kufikia mwanzoni mwa Mei mwaka ule, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeandika wagonjwa 264 Tanzania, na waliofariki 109. Wenzetu wa Kenya waliandika 684, wakazika 234. Hao ndio walioandikwa. Aliyefia tembeni bila kuonwa na mganga hayumo kwenye hesabu.

Huu ni ugonjwa gani basi?

Ulitambuliwa miaka ya 1930 na 1931 kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, ndani ya Bonde la Ufa, ndiyo maana ukapewa jina hilo. Maelfu ya wanakondoo walikufa kwa muda mfupi, na wachungaji waliowahudumia wakaanza kuugua homa. Tangu mwanzo, basi, kondoo na mchungaji waliugua pamoja. Kondoo wenye mimba wakiambukizwa, karibu wote hutupa. Katika wanakondoo wachanga kumi, tisa au zaidi hufa. Kondoo wakubwa wengi husalia, nasi hudhani tumepona.

Kwa binadamu virusi hupita kwa mbu, lakini zaidi hupita kwa mikono yetu: kuchinja, kuchuna, kuvuta mwanakondoo aliyekwama, kuokota kilichotupwa na kondo la nyuma, kunywa maziwa mabichi. Wengi huugua homa ya siku chache kama malaria, wakapona, na hata hawajui walikuwa na nini. Wachache sana ndio hutokwa damu, na hao karibu nusu yao hufa. Wachache wengine ubongo huvimba. Na wengine macho. Mjomba wangu ni mmoja wao. Aliugua mwaka ule ule wa 2007 baada ya kuchinja kondoo wa mahari, homa ikaisha, akarudi shambani. Wiki ya tatu akaanza kulalamika kwamba katikati ya jicho la kushoto kuna doa jeusi. Mpaka leo akitaka kukutazama vizuri hugeuza uso upande, kama kuku. Anapougeuza uso hivyo, mimi hukumbuka kwa nini nafanya kazi hii.

Jambo moja la kututuliza: haijapata kuthibitika kwamba mtu anamwambukiza mtu mwenzake moja kwa moja. Kwa hiyo anayeuguza mgonjwa asimkimbie. Ajikinge na damu, lakini asimkimbie.

Wazee huniuliza, mwanangu, ugonjwa huu hukaa wapi miaka yote? Maana ulikuja mwaka wa El Nino, 1997 na 1998, ukapotea. Watoto wakazaliwa, wakaanza shule, ndipo ukarudi 2006 na 2007. Ulilala wapi?

Sehemu kubwa ya jibu iko chini ya nyayo zenu. Kuna mbu wa jamii ya Aedes ambao hutaga mayai kwenye udongo wa mbuga, kwenye yale mabonde madogo yanayotuama maji mvua ikizidi. Yai la mbu huyu haliogopi ukavu. Udongo utapasuka, mifugo itapita juu yake, upepo utavuma, nalo litakaa likingoja maji, mwaka hata miaka. Na mbu mama akiwa na virusi, anaweza kumrithisha mtoto akiwa bado yai.

Hilo lilijulikanaje? Hapa nataka wanafunzi wasikilize sana, kwa sababu ni utafiti mzuri uliofanywa kwa vitu vya kawaida kabisa. Watafiti nchini Kenya walikwenda kwenye mbuga iliyofurika, wakachota viluwiluwi vya mbu majini, wakavilea maabara mpaka vikawa mbu kamili wenye mabawa. Sasa fikirini: mbu hao hawajauma ng'ombe, hawajauma kondoo, hawajauma mtu. Hawajaonja damu ya kiumbe chochote. Wakawasaga, wakawapima, wakakuta virusi vya Homa ya Bonde la Ufa. Virusi hivyo vilitoka wapi, kama si kwa mama yao? Matokeo yakachapishwa mwaka 1985.

Kwa hiyo mvua kubwa haileti ugonjwa kutoka mbali. Mvua kubwa inauamsha. Mbu wa kwanza wanauma kondoo, kisha mbu wa aina nyingine, Culex, wanaozaliana kwenye maji yaliyotuama muda mrefu, wanauchukua na kuusambaza, nasi tunaingiza mikono.

Na kama ni mvua inayouamsha, hamwoni kwamba tunaweza kuona siku yake? Tunaweza. Na mwaka 2006 iliwezekana. Watafiti waliokuwa wakifuatilia joto la bahari na ukijani wa nchi kwa setilaiti, akiwemo Assaf Anyamba, walitoa onyo kwa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Onyo lilitangulia ugonjwa kwa wiki mbili mpaka sita.

Wiki sita. Ndugu zangu, wiki sita zinatosha kwa kazi gani? Zinatosha kutangaza redioni. Zinatosha kununua glavu. Kwa chanjo hazitoshi. Kiwanda hakitengenezi dozi laki kadhaa kwa wiki sita, na hakiweki ghalani miaka tisa dawa isiyo na mnunuzi, maana nayo huisha muda wake. Kisha zikipatikana, barabara ya kwenda kijijini imekwishakatika.

Hapa ndipo penye neno langu la leo, na mkisahau yote mengine mlikumbuke hili: chanjo ya masika huchomwa kiangazi. Inatafitiwa kiangazi, inanunuliwa kiangazi, inachomwa kiangazi. Inachomwa wakati hakuna anayeogopa.

Kuna aliyeniuliza pale mlangoni nilipokuwa naingia: kwani tukichanja ugonjwa ukishaingia kuna ubaya gani, si bora kuchelewa kuliko kukosa? Swali zuri. Ubaya upo, na ni mkubwa. Mwaka mmoja, ofisi moja ambayo sitaitaja ilituma watu na chanjo wakati kondoo wamekwishaanza kutupa. Nilikuwepo. Foleni ndefu, chupa moja ya dozi nyingi, na sindano zimekwisha. Kijana aliyekuwa anachoma akafuta sindano kwa pamba, akaendelea na kondoo wa pili, wa tatu, wa kumi. Niliona, na nilichelewa kupaza sauti. Kama yule wa kwanza alikuwa na virusi damuni, sindano ile ilifanya kazi ya mbu, tena mbu asiyekosea shabaha. Ndiyo maana wataalamu wa afya duniani wanaonya waziwazi: mlipuko ukishaanza, usianze kuchanja mifugo, unaweza kuuongeza. Kuchanja ni kabla. Ni kabla ya mvua.

Tuje kwenye chanjo yenyewe. Chanjo ni nini?

Nyote mna mbwa wa zizini. Mbwa asiyewahi kunusa fisi, siku fisi akija atabweka akichelewa. Sasa wewe ukimletea mbwa wako harufu ya fisi mapema, mchana, fisi akiwa hana uwezo wa kudhuru, usiku fisi wa kweli akinyemelea mbwa ameshasimama. Mwili una askari wake, kingamwili na wenzake, na chanjo ni kuwanusisha harufu ya adui mapema. Kazi yote ya watafiti, miaka na miaka, ni kutafuta namna ya kuleta harufu bila kuleta meno.

Njia ya kwanza ni fisi aliyeng'olewa meno. Mwaka 1944 virusi hivi vilipatikana kwenye mbu wa Semliki, magharibi ya Uganda, na mtafiti Kenneth Smithburn akavipitisha kwenye ubongo wa panya mara nyingi, tena na tena, mpaka vikapoteza ukali. Chanjo inayoitwa kwa jina lake ndiyo iliyolinda mifugo ya Afrika kwa miongo mingi. Dozi moja, bei nafuu, kinga ya muda mrefu. Lakini meno hayakung'oka yote. Kondoo mwenye mimba akichomwa, anaweza kutupa. Sasa mweleze mfugaji kwamba unamletea dawa ya kuzuia kutupa mimba ambayo inaweza kutupisha mimba. Atakuelewa? Mimi sikumlaumu hata mmoja aliyefunga zizi.

Njia ya pili ni kumuua fisi kabisa na kuleta ngozi. Hiyo ni salama hata kwa mwenye mimba, ila mbwa huzoea ngozi haraka. Lazima urudie kuionyesha. Kwa mfugaji anayehama na maji, kurudia ni kazi ngumu.

Njia ya tatu ni fisi aliyezaliwa kibogoyo. Katika Jamhuri ya Afrika ya Kati aliwahi kupatikana mgonjwa ambaye homa yake haikumwua, na kwenye virusi vilivyotoka kwake kikapatikana kirusi kimoja chenye kasoro. Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa kina protini moja iitwayo NSs, kazi yake kuzima kengele ya mwili ili askari wasiamke. Katika kirusi kile, sehemu kubwa ya maelekezo ya kutengeneza protini hiyo ilikuwa imekatika yenyewe. Kengele inalia, askari wanaamka. Wakakiita Clone 13, na Afrika Kusini ikaisajili kama chanjo ya mifugo mwaka 2010. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nao wamepima kwa mbuzi wa hapa nchini chanjo nyingine ya kizazi kipya, iliyopunguzwa makali kwa makusudi. Ni karibu tu nasi, saa chache za basi.

Njia ya nne ndiyo inayonipa matumaini makubwa. Unachukua mnyama mwingine kabisa, mpole, swala tuseme, unamvisha ngozi ya fisi. Swala hapa ni kirusi cha mafua ya sokwe kilichofanywa kisiweze kuzaana, na ngozi ni protini za juu za kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa. Chanjo hiyo inaitwa ChAdOx1 RVF, imetengenezwa Oxford, Uingereza, na anayeiongoza ni Mkenya, George Warimwe, ambaye kazi yake nyingine iko Kilifi, pwani ya Kenya. Swala wa chanjo hiyo mlishamsikia mkiwa hamjui, maana huyo huyo ndiye aliyevishwa ngozi nyingine akawa chanjo ya Uviko ya AstraZeneca. Kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe, dozi moja iliwakinga. Kisha ikaanza kupimwa kwa watu waliojitolea Uingereza, halafu Kilifi. Chanjo moja, kwa kondoo na kwa mwenye kondoo. Mnaona uzuri wake?

Lakini mpaka leo hakuna chanjo ya binadamu ya ugonjwa huu iliyopewa kibali cha kutumika kwa watu wote. Na moja ya sababu ni hii: ili uthibitishe kwamba chanjo inakinga watu, unahitaji ugonjwa uwepo. Ugonjwa huu unakuja kwa miezi michache, unaondoka miaka. Ukianza kujipanga mlipuko ukiwa umeanza, utamaliza kujipanga mlipuko ukiwa umeisha. Itifaki, vibali, vikundi vya kujitolea, majokofu, vyote viwe tayari kiangazi, vikingoja mvua kama mayai ya mbu yanavyoingoja.

Naona wengine mnafikiri haya ni maneno ya mtu wa maabara anayetafuta fedha. Basi niwasimulie ya Ebola, mpime wenyewe.

Kufikia mwaka 2005 watafiti wa maabara ya taifa ya Kanada, kule Winnipeg, pamoja na wenzao, walikuwa wameonyesha kwamba chanjo yao moja inawakinga nyani na Ebola. Mwaka 2005. Kisha nini kilitokea? Karibu hakuna. Ebola ilikuwa ugonjwa wa vijiji vya mbali, mlipuko mmoja leo na mwingine baada ya miaka, nani anunue? Chanjo ikakaa. Miaka karibu kumi ilikaa. Mwaka 2014 Ebola ikatangazwa Guinea, Liberia na Sierra Leone, ikaingia mijini, na kabla haijazimwa ilikuwa imewashika watu zaidi ya 28,600 na kuua zaidi ya 11,300. Ndipo chanjo ikatolewa kwenye jokofu. Mwaka 2015, kule Guinea, wakaipima kwa mtindo wa kuzungushia uzio: akipatikana mgonjwa, wanachanjwa waliomkaribia na waliowakaribia hao, kama ilivyofanywa wakati wa ndui. Katika watu 5,837 waliochanjwa, hakuna hata mmoja aliyepata Ebola kuanzia siku ya kumi baada ya sindano. Hata mmoja. Kwa wale ambao hawakuchanjwa walipatikana wagonjwa 23.

Chanjo ilifanya kazi. Ingekwishapimwa usalama wake kwa watu miaka ile ya kiangazi, isingechukua mwaka mzima kuifikisha kijijini. Sijui kuwahesabu watu ambao wangekuwa hai. Naogopa kuwahesabu.

Sasa tazameni upande wa pili. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza Marburg, ndugu wa damu wa Ebola, ambaye naye hana chanjo yenye kibali. Tarehe 6 Oktoba wahudumu wa afya wakaanza kuchomwa chanjo ya majaribio ya taasisi ya Sabin. Siku tisa! Kwa nini siku tisa na si mwaka? Kwa sababu dozi zilikwishatengenezwa, zikapimwa usalama, zikahifadhiwa, wakati hakuna aliyekuwa analilia Marburg. Rwanda ilipata wagonjwa 66, ikapoteza 15, na ugonjwa ambao milipuko mingine iliua zaidi ya nusu ukazuiwa hapo. Uangalizi mzuri wa wagonjwa ulichangia sana, nisiseme ni chanjo peke yake. Lakini siku tisa ni siku tisa.

Na Marburg hauko mbali nasi. Ulitupiga Bukoba mwaka 2023, watu tisa, wakafariki sita. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza hapa hapa Dodoma kwamba umeingia Biharamulo. Watu kumi, waliothibitika na waliodhaniwa, wote kumi walifariki. Mwenyeji wake mkubwa ni popo wala matunda wanaolala mapangoni. Sitaki mtoke hapa mkachome mapango. Popo akifukuzwa anatawanyika, na virusi vinatawanyika naye. Mwacheni alale, nanyi msiingie chumbani kwake.

Wazee wangu, najua mnajiuliza kama kuna ugonjwa wa mifugo uliowahi kwisha kabisa, ukang'oka. Upo, na ninyi mnaujua jina. Sotoka.

Hao waliosimuliwa na babu zao wanajua mwaka sotoka ilipopita kwenye nchi hii katika miaka ya 1890. Ng'ombe tisa katika kumi walikufa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na watu wakafuata kwa njaa. Sotoka haikuambukiza binadamu, ilimwua kwa kumnyang'anya maziwa, mahari na jembe. Hapa Mpwapwa, kwenye kituo cha mifugo kilichoanzishwa enzi za Wajerumani, wataalamu wa mifugo walihangaika nayo miaka na miaka. Kisha Walter Plowright, akifanya kazi Muguga nchini Kenya, akapata chanjo iliyokuzwa kwenye chembe za figo za ndama, dozi moja, kinga ya maisha. Ilikuwa na udhaifu mmoja: joto. Chanjo nzuri ya Muguga ilikuwa inafia kwenye sanduku kabla ya kumfikia ng'ombe wa porini. Ndipo mtafiti Jeffrey Mariner akaikausha kwa namna nyingine iweze kukaa mwezi bila jokofu, na wafugaji wenyewe wakafundishwa kuichoma. Wafugaji wenyewe! Watu waliojua ng'ombe yuko wapi, anahama lini, anakunywa wapi. Mwaka 2001 ukaonekana ugonjwa wa mwisho, Meru nchini Kenya, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka haipo tena. Baada ya ndui, ni wa pili tu kung'olewa katika historia yote ya binadamu.

Homa ya Bonde la Ufa haiwezi kung'oka namna ile, nisiwadanganye, kwa sababu ina mahali pa kujificha udongoni. Lakini kuzuia kondoo wasitupe na watu wasife, hilo linawezekana kwa chanjo tulizonazo na zinazokuja.

Nawaomba nini? Wafugaji, mkiona kondoo wawili, watatu wanatupa ndani ya siku chache, msiokote kwa mikono mitupu, msimpe mbwa, pigeni simu. Hata kama ni kiangazi. Hasa kama ni kiangazi. Wauguzi, mgonjwa mwenye homa isiyo malaria, kabla ya kitu kingine mwulizeni: nyumbani mifugo ikoje? Maafisa mifugo wenzangu, sindano moja, mnyama mmoja. Wanafunzi, tunahitaji watu wa kusaga mbu. Nasema kwa dhati. Tunahitaji watu wa kuchota viluwiluwi Bahi, wasingojee wageni waje wawachotee.

Nimalizie kwa yule mama.

Siku hizi ana simu. Kiangazi kilichopita alinipigia alfajiri, "Mwanangu, wanne wametupa tangu Jumapili." Tulikwenda siku ile ile. Nilitoa damu kwa kondoo mmoja mmoja, sindano mpya kila mmoja, nikaziacha chupa kivulini zigande, juu yake yakatulia yale maji ya rangi ya asali nyepesi ambayo ndiyo tunayoyapima. Alikaa kwenye kigoda akitazama kila kichupa. Majibu yalipotoka hayakuwa ya Homa ya Bonde la Ufa. Ilikuwa brusela, ugonjwa mwingine unaotupisha mimba. Nilimpigia kumwambia achemshe maziwa na awatenge wale waliotupa, akaanza kuniomba radhi kwamba ametusumbua bure na gari na mafuta yetu.

Nilimwambia hajatusumbua, na apige tena.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na ile chanjo ya ule ugonjwa wa mwanzo, mtaniletea lini?"

Nimemwambia mwezi wa tisa, kabla mibuyu haijachipua. Nimelisema mbele yenu wote ili mnidai.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.